Wenye Kazi Nyuma ya Jukwaa: Historia ya Usiku wa Kampala



Jumatatu ya tarehe 24 Januari 2022, baa na kumbi za dansi za Kampala ziliruhusiwa kufungua milango yake tena. Zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, serikali ya Uganda ilipochukua hatua za kuzuia maambukizi ya UVIKO-19. Miezi 22 ilikuwa imepita. Hata shule za Uganda, ambazo zilikaa zimefungwa kwa muda mrefu kuliko za nchi nyingine yoyote, zilitangulia kufunguliwa kwa wiki mbili.

Katikati ya kipindi hicho, mwezi Julai 2021, serikali ilitoa msaada wa shilingi 100,000 za Uganda kwa kila mtu aliyeorodheshwa miongoni mwa watu wa mijini waliopoteza riziki. Katika makundi yaliyotajwa, pamoja na makondakta wa teksi na wapiga debe, walikuwamo wahudumu wa baa, wacheza santuri na mabaunsa.

Orodha hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika insha hii. Watu hao hawakuzuka mwaka 2021. Kazi zao zimekuwapo Kampala kwa vizazi kadhaa, na muziki wa mji huo haungesikika bila wao. Ilikuwaje basi dola iwaone na kuwataja kwa kazi zao pale tu walipokuwa hawana kazi? Ili kulijibu swali hilo inatubidi turudi nyuma, mbali zaidi ya umri wa disko.

Maneno kwanza

Kabla ya safari, tuyatazame maneno yetu. Neno ngoma hubeba maana tatu kwa pamoja: ala inayopigwa, mchezo unaochezwa, na mkutano wa watu waliokuja kucheza. Dansi ni neno lililoingia na bendi za gitaa na tarumbeta, nalo hutaja muziki wa ukumbini ambao mtu huulipia kiingilio. Mcheza santuri ndiye anayeitwa pia dijei. Santuri ni sahani ya muziki iliyozungushwa kwenye gramafoni, na jina limebaki ingawa sahani zenyewe zimekuwa adimu. Fundi mitambo ni yule anayeziunganisha nyaya, spika na vipaza sauti. Baunsa ni mlinzi wa mlangoni. Promota ni mwandaaji wa onyesho, anayekodi ukumbi, kulipia matangazo na kubeba hasara watu wasipokuja.

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Methali hiyo haisemi lolote juu ya aliyeibeba ngoma hadi uwanjani.

Mtunza ngoma alikuwa na cheo

Katika ufalme wa Buganda, aliyeibeba ngoma hakusahauliwa. Ngoma za kifalme, ziitwazo Mujaguzo, zilikuwa na nyumba yake na watumishi wake, na mkuu wao alikuwa na cheo cha Kawuula. Wapigaji wa ala nyingine za ikulu, kama vile marimba ya amadinda na ngoma zilizopangwa kwa sauti mbalimbali ziitwazo entenga, walikuja Lubiri, yaani ikulu ya Mengo, kwa zamu. Wengi wao walipewa ardhi kwa sababu ya utumishi huo. Kazi ilirithiwa katika ukoo, na ukoo ulijua wajibu wake na haki yake.

Nisieleweke vibaya: mfumo huo haukuwa wa usawa. Utumishi kwa Kabaka haukuwa jambo ambalo mtu aliliingia na kulitoka apendavyo. Lakini kazi ya kuitunza ala ilikuwa na jina, malipo na mahali katika utaratibu wa nchi.

Utaratibu huo ulivunjika siku moja. Tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, na huko London ndiko alikofariki mwaka 1969. Ala za ikulu ziliharibiwa, na wanamuziki waliotumikia kwa zamu wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zote zilifutwa, na ufalme wa Buganda haukurudishwa hadi 1993. Katika vitabu vingi vya historia, tukio la 1966 huelezwa kama ugomvi wa Obote na Mutesa, na ndivyo lilivyokuwa. Hata hivyo, kwa mpiga entenga lilikuwa pia siku ya kuachishwa kazi.

Ukumbi, bendi na mwenye ala

Wakati huohuo kazi nyingine ya muziki ilikuwa ikikua nje ya ikulu. Katika miaka ya 1960 Kampala ilikuwa na kumbi za dansi zilizovuta watu kutoka kila pembe ya mji: Suzana huko Nakulabye, White Nile huko Katwe, Top Life huko Mengo. Bendi mashuhuri ya zama hizo ilikuwa Cranes Band, na baadhi ya wanamuziki wake ndio waliounda Afrigo Band mwaka 1975. Afrigo, pamoja na mpiga saksafoni wake Moses Matovu, imeendelea kupiga muziki hata ikatimiza nusu karne.

Ukumbi wa dansi ulileta mpangilio mpya wa kazi. Katika bendi nyingi za Afrika Mashariki, gitaa, ngoma na vikuza sauti havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa mali ya mwenye klabu au mfadhili wa bendi. Mpigaji aliyegombana na mwenye ala aliondoka mikono mitupu, na huenda hii ni sababu mojawapo ya bendi zetu kugawanyika mara kwa mara. Kwa fundi wa vyombo, mkata tiketi na mlinzi, hali ilikuwa dhaifu zaidi. Mwimbaji angalau alikuwa na sauti ambayo watu waliijua. Fundi alikuwa na ujuzi tu, na ujuzi wake ulionekana siku ulipokosekana, spika zilipokoroma katikati ya wimbo.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka. Mwaka uliofuata aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Biashara ya mijini, pamoja na uagizaji wa bidhaa kutoka ng'ambo, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao, na uhaba uliofuata uliwagusa wote waliotegemea vipuri na vifaa vya nje. Fikiria, ndugu mwanafunzi, maana ya uhaba huo kwa fundi wa vikuza sauti: kila kilichoharibika kilihitaji kutengenezwa kwa kilichopo.

Hata hivyo Kampala iliendelea kuwa njia panda ya muziki. Samba Mapangala aliingia Uganda katikati ya miaka ya 1970 akitokea Zaire, akaunda Les Kinois, kisha akahamia Nairobi, ambako baadaye aliunda Orchestra Virunga. Mzee Makassy naye alipitia Kampala na bendi yake kabla ya kujulikana sana Dar es Salaam. Kwa nini waliondoka? Nairobi ilikuwa na studio na kampuni za santuri, na maisha ya Uganda yalikuwa yakizidi kuwa magumu. Lakini mwanamuziki anapohama huondoka na sauti yake. Mlinzi wa mlango, mhudumu na fundi mara nyingi hubaki, wakisubiri bendi nyingine.

Kesha la lazima

Amin aliangushwa Aprili 1979, lakini amani haikuja mara moja. Kampala iliingia katika miaka ya risasi za usiku, vizuizi vya barabarani na amri za kutotoka nje. Wapenda dansi walitafuta njia: waliingia ukumbini kabla ya giza, milango ikafungwa, wakacheza hadi alfajiri ilipokuwa salama kurudi nyumbani. Starehe ikageuka kesha.

Wengi huikumbuka desturi hiyo kwa kicheko, kama ushahidi wa ujasiri wa watu wa Kampala. Nami naustahi ujasiri huo. Lakini tuitazame kwa jicho la mfanyakazi. Mchezaji alichagua kukesha. Mhudumu, mcheza santuri na mlinzi hawakuwa na saa ya kutoka. Walikaa ndani ya mlango uliofungwa usiku mzima, kisha wakabaki kufagia na kupanga viti wakati wageni walipokwisha kuondoka.

Mcheza santuri apata jina

Baada ya National Resistance Army kuiteka Kampala Januari 1986, usiku wa mji ulianza kupumua tena. Disko ziliongezeka. Ange Noir, iliyohusishwa kwa miaka mingi na mmiliki wake Charles Lubega, na baadaye Club Silk, zilipata makao katika eneo la viwanda, mtaa wa maghala na karakana. Sasa muziki haukuhitaji bendi ya watu kumi. Ulihitaji mtu mmoja anayejua wimbo upi ufuate upi, na mafundi wa kumwezesha.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 1993, redio za binafsi zilipoanza: Radio Sanyu kwanza, kisha Capital Radio. Kabla ya hapo Radio Uganda ya serikali ilikuwa peke yake hewani. Sasa mcheza santuri alipata sauti na jina. Alex Ndawula wa Capital Radio, aliyefariki Agosti 2021, aliwafundisha wasikilizaji wengi wa Kampala kusikiliza muziki wa dansi, na watu walimfuata kutoka redioni hadi ukumbini. Wanawake nao waliingia katika kazi hii. Rachael Kungu, ajulikanaye kama DJ Rachael, alianza miaka ya 1990 na hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuifanya. Baadaye alianzisha Femme Electronic ili kuwafunza wanawake wengine kutumia mitambo. Mafunzo hayo yana uzito wa kiraia: anayejua mitambo hahitaji kuomba ruhusa ya kuisogelea.

Wengine walipitia mlango huu kuelekea jukwaani. José Chameleone alikuwa mcheza santuri wa klabu moja ya Kampala kabla ya kuwa mwimbaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na Bebe Cool walifanya kazi Nairobi na Ogopa Deejays, studio ya ndugu wawili, Lucas na Francis Bikedo. Ndugu hao waliutengeneza muziki wa kizazi kizima huku wakiepuka kamera na mahojiano. Wewe unayejifunza Kiswahili utafaidika kuzisikiliza nyimbo za Chameleone: nyingi huchanganya Kiganda na Kiswahili, na mchanganyiko huo una alama za safari ile ya Nairobi.

Studio na mitambo zilipoongezeka Kampala yenyewe, kazi za nyuma ya jukwaa zilianza kuwa biashara zinazojitegemea. Steve Jean, mtayarishaji muziki aliyejulikana kwa Fenon Records, alianzisha pia Fenon Events, kampuni ya majukwaa, sauti na taa. Hapa tunaona hatua muhimu: fundi hakuwa tena mtumishi wa mwenye klabu tu, angeweza kumiliki vyombo na kumkodisha mwenye klabu.

Mlangoni

Kuna kazi moja ambayo historia yake imeandikwa kwa huzuni. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika uwanja wa klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika.

Tangu hapo mlango wa ukumbi ulibadilika. Kazi ya baunsa, ambayo awali ilikuwa kumzuia mlevi na kukagua tiketi, ikawa pia kupekua mifuko na kutumia kifaa cha kutambua vyuma. Akawa mtu wa kwanza kusimama kati ya umati na hatari. Jukumu lilikua usiku mmoja. Je, mafunzo, bima na mshahara vilikua pamoja nalo? Swali hilo lamfaa kila mwenye ukumbi.

Somo la pili la mlangoni lilikuja katika mkesha wa mwaka mpya wa 2023. Katika jengo la maduka la Freedom City, kwenye barabara ya Entebbe, watu walikimbilia nje kutazama fataki, wakasongamana katika njia nyembamba. Wasiopungua 9 walikufa, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Misiba ya namna hii hutufunza kwamba mpangaji wa njia za kutokea, ambaye jina lake halimo kwenye bango lolote, ameshika maisha ya watu kuliko mwimbaji aliyewaita.

Je, sheria inawaona?

Sasa tulirudie swali letu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, humpa kila mtu haki ya kufanya kazi halali aliyoichagua, huamuru Bunge litunge sheria za kuhakikisha mazingira salama ya kazi, na humruhusu mfanyakazi kuunda au kujiunga na chama cha wafanyakazi. Katiba haisemi kwamba kazi hiyo iwe ya mchana.

Mwaka 2006 zilitungwa sheria kadhaa zinazowahusu watu hawa. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi humlinda mtunzi wa wimbo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na huwatambua pia watumbuizaji na watayarishaji wa rekodi. Kwa hiyo mtayarishaji wa studio anaweza kudai mirabaha. Lakini fundi aliyesimama kwenye mitambo usiku wa tamasha hana wimbo wa kuudai. Ngao yake ni mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na kanuni zake za mwaka 2011 zinakataza mtu kuwekwa kuwa kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Tatizo ni kwamba kazi za usiku mara nyingi hupatikana kwa simu na kulipwa mkononi. Anayelipwa mkononi bila karatasi hawezi kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa na kazi.

Upo pia upande wa sheria unaodhibiti. Sheria ya Michezo ya Jukwaani na Burudani za Hadhara ilitungwa mwaka 1943, zama za ukoloni, nayo imeendelea kuwa na nguvu baada ya uhuru. Kanuni mpya zilizotolewa chini yake mwaka 2019 ziliwataka wasanii na waandaaji kujisajili na kuwa na vibali, na wasanii wengi walizipinga. Mwaka huohuo polisi walizuia tamasha la Bobi Wine, mwimbaji na wakati huo mbunge, lililokuwa lifanyike Busabala wakati wa Pasaka. Mjadala ulihusu siasa na uhuru wa kukusanyika, nao ni mjadala muhimu. Mimi nakuomba uongeze swali moja tu: onyesho linapozuiwa asubuhi ya siku yake, nani humlipa aliyekesha akijenga jukwaa?

Ukiutazama mwendo wote huu, kuanzia Lubiri mwaka 1966 hadi miezi 22 ya UVIKO-19, utaona jambo moja likijirudia. Milango ya muziki hufungwa kwa sababu mbalimbali: vita, siasa, usalama, maradhi. Baadhi ya sababu hizo ni za haki kabisa. Kuzuia maambukizi ni wajibu wa serikali. Lakini kila mara gharama ya kufunga huwaangukia kwanza wale ambao kazi yao haikuandikwa popote.

Kati ya cheo cha Kawuula na orodha ya Julai 2021 umepita muda mrefu. Kimoja kilimtambua mtunza ngoma kwa utumishi wake, hata kama hakuwa huru. Nyingine ilimtambua mfanyakazi huru kwa njaa yake. Raia anastahili utambuzi wa tatu: kuwa huru na kuandikwa, akiwa na mkataba, chama na bima, kabla balaa halijabisha hodi. Sehemu ya kazi hiyo ni ya Bunge na wizara. Sehemu nyingine ni ya wafanyakazi wenyewe, kwa kukubaliana kwamba hakuna atakayefunga waya hata mmoja bila makubaliano ya maandishi. Na sehemu ndogo ni yetu sisi tunaolipa kiingilio. Siku utakapoingia ukumbini, msalimu aliye mlangoni. Ndiye aliyefika kabla yako, na ndiye atakayeondoka baada yako.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako tofauti iliyopo kati ya ulinzi ambao sheria ya hakimiliki humpa mtayarishaji wa rekodi na ule anaoutegemea fundi mitambo wa tamasha.
2. Je, serikali inapofunga sehemu za kazi kwa ajili ya afya ya umma, ina wajibu gani kwa waliopoteza riziki? Toa hoja mbili za kila upande.
3. Zungumza na mtu mmoja anayefanya kazi usiku mahali unapoishi. Andika aya moja kwa Kiswahili sanifu kuhusu saa zake za kazi na jinsi anavyolipwa, bila kulitaja jina lake.